Machale

Tumegeuza tiketi zisizouzwa, tunaandika mgongoni mwake.
Januari, Szolnok. Mto Tisza umeganda kando zote mbili
na katikati bado unasogea, mweusi,
kama mtu anayetembea usingizini.
Sarakasi imelala mpaka Aprili.
Bandani anakohoa Piroska, ngamia wa mwisho.
Boróka anatua sufuria ya maharage baina yetu:
Haya. Dunia inakwisha. Machale wako wapi?

Wanatoka ndani ya kigari kidogo, nikasema.
Mmoja, wawili, kumi, watu wanacheka,
mia, watu wanapiga makofi, elfu,
makofi yanapungua, mlango haufungiki,
hadi alfajiri mji mzima ni viatu vikubwa
na hajabaki mtu wa kuchekeshwa.

Hilo hata mpwa wangu wa miaka sita angelibuni. Lete jingine.

Basi: pua nyekundu zinawaota watu usiku,
kama majipu, hazibanduki.
Basi: parapanda ya kiyama ni tarumbeta ya plastiki,
malaika anaipuliza kwa heshima zote
nayo inatoa mlio wa ushuzi.
(Hapo alicheka hadi mkate ukamwanguka.
Liache hilo, akasema, akipangusa macho.
Kiyama kisicho na ushuzi, nani atakiamini?)
Basi: rangi nyeupe ya usoni ni majivu ya miji.
Kila mji ukiungua, chale mmoja anapata uso.

Akaacha kula.
Miji hiyo inaunguzwa na nani?

Sikujua. Machale yakanicheza,
si machale wale, haya mengine,
yakaayo chini ya mbavu
na kucheza bila hadhira.

Akainuka, akashusha kopo kutoka juu ya kabati.
Rangi ya baba yake, Ödön. Miaka kumi na mmoja haijaguswa.
Katikati ya weupe kuna mfereji wa kidole kimoja:
alichota mara ile, hakurudi kuchota tena.

Nikaandika upesi, kwa aibu ya kutojua la kusema:

    *Mimi chale wa mwishoni, nimebaki peke yangu,*
    *Viti tupu uwanjani, vyatazama uso wangu,*
    *Jivu la mji shavuni, wekundu ni damu yangu,*
    *Nikiacha cheko langu, hapana tena dunia.*

Akasoma. Akachukua kalamu.
Mbona limekaa sawasawa hivi? Baba hakuwa sawasawa.
Akafuta mstari wa mwisho, kisha ule wa tatu,
kisha akakumbuka jambo, akairudisha damu.

Sikiliza. Baba alikuwa chale mbovu.
Miaka ishirini na minane, mbao, ndoo, bata wa mpira,
na watu walimwangalia kama wanavyoangalia mvua.
Walitabasamu kwa adabu. Watoto waliomba kwenda chooni.
Nyumbani alikula wima, akasema inatosha, akalala.

Nikaona nalo likija, tundu la hadithi likijiziba lenyewe:
kwamba kila mji una kicheko kimoja cha kweli,
kile cha kutoka tumboni, kisichobakiza kitu,
na kikishatoka, mji hauna tena cha kushikia kuta zake.
Kwamba machale hodari walitangulia.
Walichekesha Debrecen, ikaungua. Walichekesha Trieste.
Wakajipaka walichobakiza, wakaenda mji mwingine.
Na chale mbovu akabaki, na mtazamaji mmoja,
ngamia mzee asiyewahi kucheka tangu azaliwe,
na kila usiku anaanguka na ndoo yake, vibaya,
na kila asubuhi, kwa sababu hiyo,
kunakucha.

Boróka alitia kidole ndani ya mfereji ule.
Kilipwaya. Akakitoa, akakitazama, hakukifuta.

Supu ilishapoa. Tulikuwa tunaogopa kutazamana,
maana ndoo ile, na yule bata,
midomo ilianza kututetemeka.

Bandani Piroska akatoa sauti.
Tukashika meza, tukatega masikio.

Kikohozi.
Kikohozi tu, Mungu ashukuriwe.