Viti Saba

Nilitaka viti kumi.
Nilikwisha kuvihesabu katika daftari la benki:
kumi, mara siku sita, mara bei ya bakuli,
na hesabu ilitoka safi, ikanipa usingizi.

Kisha akaja Kadowaki Rin, seremala,
penseli sikioni, vumbi la mwerezi kwenye nyusi.
Akaipima nyumba kwa miguu, mlangoni hadi nyuma:
hatua thelathini na moja. Upana, nne na nusu.
Huku Kyoto nyumba za namna hii
tunaziita malazi ya mkunga.
Akasema, “Huyu mkunga hapumui.”
Akachora mraba katikati ya karatasi
na ndani ya mraba hakuandika kitu.

Ua. Ua wa ukubwa wa mikeka miwili,
bila paa, bila meza, bila faida:
jiwe moja, kangaga moja.
“Hivyo ni viti vitatu,” nikamwambia.
Hakujibu. Alikuwa anagonga nguzo kwa ukucha
kama mtu achaguaye tikiti sokoni.

Miezi mitano.
Kiambaza kilikandikwa kwa udongo na makapi ya mpunga
(harufu ya zizi; jirani alileta barua),
boriti zikaumana ulimi kwa tundu,
msumari haukuingia hata mmoja.
Milango ya karatasi iliteleza katika mifuo yake
kwa sauti ya mtu avutaye pumzi kabla ya kusema.
Shubaka alilifanya dogo mno.
“La nini?”
“La chochote kitakachochanua wiki hiyo.”
Mlango wa mbele aliuacha mfupi, kusudi.
Nguzo moja ilibaki ya duka la zamani, la miavuli,
na mikwaruzo ya kimo, mwaka juu ya mwaka,
ya mtoto nisiyemjua, ikikomea begani pangu.
Nilishika randa niilainishe.
Rin akaninyang’anya.

Usiku wa nne tangu kufungua, mvua.
Mteja mmoja tu, bwana wa bima, tai mfukoni,
aliingia ameinama kama aombaye radhi.
Tambi zikafika. Akanyanyua vijiti.
Hapo ndipo alipoliona jiwe likilowa:
kwanza madoa,
halafu ubavu,
halafu lote, jeusi, limebeba taa yangu mgongoni.

Vijiti vikabaki hewani.
Tambi zikavimba katika mchuzi,
na kwangu hiyo ni dhambi, tena kubwa.
Nikafungua kinywa nimkemee,
nikajikuta nimesimama na kitambaa mkononi,
natazama jiwe.

Alilipa bakuli moja. Alikaa saa mbili.

Leo asubuhi nimeliteremsha daftari kutoka juu ya jokofu,
nikafuta kumi, nikaandika saba,
hesabu ikatoka mbaya.
Nikalifunga, nikatoka kununua ua la shubaka,
na mlangoni, kwa mara ya nne, nikagonga kichwa.