Mikunjo Kumi na Tisa

Mwaka wa kwanza chuoni Kutaisi walitufunga mkono wa kulia
kwa bendeji, wakatuambia: nendeni mkaishi.
Nilimwaga chai. Nilivaa blauzi kwa dakika kumi na moja,
nikalia chooni kwa ajili ya zipu.
Jioni mwalimu Lamara hakutuuliza tumejifunza nini.
Aliuliza, "Nani amekula akashiba?"

Mama alidhani nasomea kutafutia watu ajira.
"Tiba kazi? Basi anza na kaka yako."
Niliacha kueleza. Utaanzia wapi kueleza
kwamba kuna mtu hutibiwa kwa kijiko?

Sasa nina ufunguo wa kabati: vibanio vya nguo,
dengu za kuchambua, kufuli zisizolinda chochote.
Na nina Bi Zhuzhuna, miaka sitini na nane.
Kiharusi kilimchukua upande wa kulia mwezi Machi.
Nampa vibanio, anavitazama kama deni la jirani.
Nampa dengu. "Mimi si kuku," anasema,
ulimi mzito, nami naelewa kila herufi.

Wiki tatu nilikosea.
Fomu ina kisanduku: mgonjwa hatoi ushirikiano.
Nilikitia alama, kwa mkono wangu mzima.

Binti yake ndiye aliyeniambia, koridoni, koti halijavuliwa:
mama alipikia kantini ya reli,
hinkali mia sita kwa siku,
vifuko vya unga vyenye nyama na mchuzi tumboni,
kila kimoja mikunjo kumi na tisa,
na ole wake aliyeishia kumi na minane.

Jumatatu nikaja na unga. Tukausukuma kwa chupa.
Kushoto kulijua njia. Kulia kulilala mezani
kama mgeni asiyekaribishwa.
Sikuugusa ule mkono.
Anatomia yote haikunishinda kama hili:
kukalia viganja vyangu, mwenzangu akihangaika.

Gumba likatetemeka.
Likabana ncha.
Mkunjo.
Wa pili ukachanika, nyama ikamwagika,
naye akatukana, matusi kamili ya jikoni,
sentensi yake ndefu ya kwanza tangu Machi.

Tulifika saba. Tulichemsha kwenye sufuria ya manesi,
mchuzi wote ukavuja, tukala hivyo hivyo.
Fomu imelowa mafuta.
Na kesho, ameagiza, nije na fimbo ya kusukumia,
maana chupa, mwanangu, ni aibu.