Yasiyoingia Kwenye Kumbukumbu Rasmi

Kazi yangu ni kuandika wanayosema wengine.
Miaka kumi na tisa nimeketi chini ya kiti cha Spika,
hapa Ulaanbaatar, vidole vikikimbizana na midomo yao.
Kikohozi hakiandikwi. Usingizi hauandikwi.
Makofi huandikwa, ndani ya mabano.

Siku ya bajeti, nje baridi ikipasua mabomba,
alisimama Mheshimiwa Dolgorsuren wa Gobi,
mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa waya.
Akapewa dakika tano.

"Mheshimiwa Spika, sina hotuba. Nina mizani mbili.
Lori la makaa likipimwa upande wetu wa mpaka
ni tani sabini.
Likivuka, hatua mia nne tu, likipimwa tena
ni tani tisini na moja.
Naomba Waziri anifafanulie:
makaa yetu hula nini njiani yakanenepa hivyo?"

(Kicheko.)

Waziri hakucheka. Alikuwa akisoma simu.

"Baba yangu alikuwa karani wa ghala la sufu.
Alinifundisha neno moja:
hesabu isipolingana mara moja, tafuta kosa;
isipolingana kila siku, tafuta mtu."

"Taarifa, Mheshimiwa Spika!"
Mmoja wa upande wa Serikali alikwisha kusimama,
akifunga kifungo cha koti lake:
uchumi umekua, mzungumzaji anajua, kwa nini anapotosha?

"Umekua, sikatai. Hata uvimbe hukua."

Kisha akamtaja Tsevegmid, mfugaji wa jimboni kwake.
Zud ilikuja, ile baridi inayoifunika nyasi kwa barafu
mpaka mnyama anaiona na hawezi kuila.
Katika kondoo mia tatu na arobaini, ikamwachia kumi na wanne.
Na wote walikuwa rehani ya benki.

"Kondoo wamekufa, Mheshimiwa. Riba iko hai.
Haili nyasi, haiogopi barafu, inazaa kila mwezi.
Jimboni kwangu ndiyo mfugo pekee ulionona."

Hapo sikuandika kitu.
Ukimya hauna mabano.

Akasema sentensi moja zaidi, kuhusu wenye malori,
na ni viti gani wamekalia humu ndani.
Spika akagonga nyundo: "Hayo yaondolewe."
Nikayaondoa. Ndiyo maana hata hapa hamtayakuta;
mkono uliozoea kufuta hauachi kwa siku moja.

Taa nyekundu. (Kipaza sauti kimezimwa.)
Midomo yake iliendelea, nami nilikuwa karibu:
"...mazuri tumeuza, tumebaki na vumbi,
na vumbi tunalichoma chini ya pua za watoto wetu..."

Msinilaumu shairi hili kukosa mizani.
Mizani zetu ziko mpakani, na zimechezewa.

Saa nne usiku tukafika kwenye kura.
Nilimwona amefunua ukurasa wa mia mbili na sita,
kidole juu ya mstari mmoja mwembamba:
boila mpya, shule ya bweni ya Ulaan Khudag.
Watoto wa pale hulala na makoti, na viatu vyao miguuni.
Alikishikilia kidole pale muda mrefu.
Halafu akabonyeza kitufe cha kijani,
ndiyo, pamoja na wenye malori.

Wenzake wa upinzani walimgeuzia mgongo.
Mimi nilikulia bweni kama lile.
Mwenye baridi hana miiko.

Nilimkuta chumba cha makoti,
akihangaika na zipu ya buti.
"Zile tani umeziandika?"
"Nimeziandika, Mheshimiwa."
"Kwa tarakimu au kwa maneno?"
"Kwa tarakimu."
Akainuka, akavaa kofia yake ya manyoya.
"Rudi ukaandike kwa maneno," akasema.
"Tarakimu huhamishwa usiku."

Nikarudi. Ukumbi ulikuwa umeshazimwa taa.