Mtoto wa Jicho

Walimtoa Jumanne, huko Sabatia,
mtoto wa jicho langu la kulia,
aliyelala humo miaka sita asilie hata mara moja.
Kesho yake Mideva, muuguzi, akabandua bendeji,
pamba ikang'ang'ania kope,
akauliza, "Mama, unaona nini?"

Na kabla sijajibu palikuwa na kitu,
nakwambia palikuwa na kitu:
manjano tupu, imesimama peke yake,
haina mpini, haina mwenyewe, haina kazi,
manjano kama kelele.
Umri wake ulikuwa wa kumeza mate.
Kisha jina likafika mbio: jerikeni.
Nikarudi nyuma kuitafuta ile manjano,
nikakuta jerikeni limeketi mahali pake
na kifuniko chake, na bei yake sokoni Mbale.

"Naona jerikeni," nikasema.
Akaandika. Angeandika nini kingine?
Kinywa chetu kina neno moja:
naona mlima, naona umekosea,
naona haya, naona heri ninyamaze.
Jicho na wazo hula sahani moja,
gizani,
na hakuna ajuaye mkono wa nani ulitangulia.

Nyumbani, nyuma ya mlango, kuna msumari.
Miaka yote ile ya ukungu Lugalia alisimama hapo
kila alfajiri, bega la kushoto chini kidogo,
nami, kuni mkononi, "Mirembe,"
nikapita. Sikuwa mjinga.
Najua alipolazwa, kando ya migomba,
nilihesabu mwenyewe makoleo ya udongo.
Lakini nilimwona.
Kama ni kuwaza, basi niliwaza kwa jicho.

Leo ni koti.
Tena la kijani; mimi ningeapa ni la kahawia.
Kifungo cha pili hakipo, kola imeliwa na mende.
Nililikazia macho hadi likawa koti kabisa,
koti pande zote,
na mdomo ulikuwa umeshasema, "Mirembe."

Jendeka akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake la hesabu.
"Nyanya, unamsalimu nani?"

Nikatafuta la kumjibu, mezani, sakafuni,
kwenye mwanga huu mpya usiosaza kitu.
"Naona baridi," nikasema.

Akaenda msumarini, akaja nalo,
akanifunika.