Ganda la Chungwa

Baghala huyu nilimkomboa mnadani Billings, dola tisini,
kabla ya lori la machinjio.
Siku kumi nilimfuata na hatamu, akanionyesha kwato.
Ya kumi na moja nilifudikiza ndoo thelujini,
nikaikalia, nikampa mgongo,
nikamenya chungwa.

Hatua. Kimya kirefu. Hatua.
Kisha pumzi moto kwenye ukosi wa koti langu,
mdomo wa manyoya ukiomba ganda.
Sikugeuka. Chozi liliganda shavuni.

Jumamosi akina Halvorsen watakuja na trela kumchukua.
Kwenye fomu, penye "kasoro", nimeandika:
Sikio la kushoto lilichanwa na waya.
Msiliguse; ngojeni alilete mwenyewe.
Na chungwa kuleni nyinyi,
yeye mpeni ganda.