Sentimita Arobaini na Nane

Zamu yangu ya upatu ilikuwa ya tano.
Riali tisini, zimefungwa kwa mpira wa nywele.
Bi Zuweina alinihesabia mbele ya wote,
akauliza: bangili au friji?
Nikasema, baiskeli.
Chumba kizima kikapiga funda la kahawa kwa pamoja.

Duka la Ghubra, kijana wa mauzo
alinipeleka moja kwa moja kwenye ile ya waridi.
"Hii ya kike," akasema.
Nikaiinua: gunia la mchele.
Ile nyeusi ya pembeni iliinuka kwa vidole viwili,
lakini bei yake nilidhani ni namba ya simu.

Wiki tatu nikapekua za mtumba.
Mmoja, Sohari, aliniapia yake haijaanguka hata siku moja;
kwenye picha usukani unatazama kibla,
gurudumu linatazama bahari.
Mwingine, Maabila, fremu hamsini na sita:
nilipoipanda, lile bomba la juu likanitia adabu,
na breki ziko kule,
vidole vyangu vikizinyooshea
kama mtoto anayeomba peremende kwenye kabati la kioo.
"Utazoea," mwenyewe akasema.
Viatu vya kubana niliambiwa vivyo hivyo. Na mume.

Kisha Biju, fundi wa Wadi Kabir.
Kiarabu chake kimevunjika, changu kina lafudhi ya Wete;
tulielewana.
Alinipa utepe wa kupimia,
akageukia ukuta akahesabu boliti zake,
nami nikajipima mwenyewe, unyayo hadi tagaa.
"Arobaini na nane," akauambia ukuta.
"Rangi baadaye. Kwanza mwili wako uingie."

Alikuwa nayo moja. Buluu, imechubuka ubavuni,
ya nesi aliyerudi kwao Cebu;
chini ya tandiko, kwa wino usiofutika: Marivic.
Riali sitini na tano.
Akanifundisha kupitisha kucha kwenye kila kiungio cha alumini:
ikikwama, huo ni ufa, shukuru uondoke.
Akauvuta mnyororo kwenye meno ya mbele:
ukiona mwanga katikati, umekwisha.
Sikuona mwanga.
Akafupisha shina la usukani, akasogeza breki karibu,
riali nne, na chai ya maziwa bure.
Kofia ngumu kumi na mbili, inakaa juu ya mtandio wa pamba;
wa hariri unateleza, nimejaribu.
Pampu tatu.
Tandiko akanikataza kubadilisha.
"Panda mwezi mmoja. Makalio ndiyo yatakayosema."

Sita zilizobaki nimezirudisha kwenye upatu.

Shangazi Shinuna aliizunguka sebuleni, mikono nyuma,
kama anayekagua mbuzi wa Idi.
Kikapu kiko wapi?
Haina.
Kengele?
Haina.
Matairi ndiyo haya, membamba kama tambi?
Ndiyo haya.
"Basi umelipa riali zote hizo
ili uuziwe vitu visivyokuwepo."

Ijumaa, baada ya alfajiri, suruali nimeibana kwa soksi,
Mawaleh hata mapaka yamelala.
Mita mia za mwanzo nilitetemeka kama jeli.
Kisha nikapata gia, au gia ikanipata,
na lami ya kuelekea Sibu ikaanza kuvuma chini yangu,
na ule upepo, ambao saa tatu ungekuwa tanuri,
ukapita ndani ya mikono ya kanzu
nao hauna la kuniuliza.
Msichana wa pikapu ya majani ya ng'ombe alifungua dirisha:
"Shilingi ngapi, dada?"
Kwa Kiswahili! Nusura niingie mtaroni.
Nikampigia kelele: "Pima mguu kwanza!"

Nilirudi jua likiuma mabega.
Mkate wa rakhali nimeufunga mgongoni kwa mtandio wa pili,
bado wa moto, umeniachia duara la jasho.
Shangazi aliupokea, akaunusa,
akaitazama baiskeli iliyoegemea friji yetu kuukuu.

"Kesho," akasema, "lete miwili.
Na hiyo Marivic yako iondoe njiani,
nataka kufungua maziwa."