Kutoa kwa Kuazima

Darasa langu lina magurudumu.
Ubao nimeupigilia kwenye toroli kuukuu la dawa,
gurudumu moja hulia kama paka wa Kibokoni,
na watoto wa wodi
huisikia hesabu kabla hawajaiona.

Sisemi "Simameni." Nani asimame?
Sisemi "Nyoosheni mikono":
wa Bwanaheri una sindano,
wa Mishi umefungwa bendeji hadi kwapani,
chai ya alfajiri ilimwagikia, sufuria zima.
Basi ajuaye jibu hukonyeza jicho.
Siku nyingine wodi nzima yanikonyeza,
daktari akipita aona haya.

Mishi anaandika kwa mkono wa kushoto.
Bibi yake alininunia siku tatu:
"Mwalimu, huo si mkono wa kumpa mtu kitu."
Siku ya nne akapewa karatasi:
jina lake mwenyewe, Bi Rukia,
herufi zimelala ubavu kama wagonjwa.
Akaikunja, akaifunga penye pindo la leso,
pale afungapo nauli.

Bwanaheri, wa selimundu, gredi ya sita,
huhesabu matone ya dripu.
"Sista, chupa itaisha saa tisa na robo."
Ikaisha saa tisa na dakika ishirini.
Zile dakika tano zilimuudhi
kuliko mifupa.

Na Kadzo.
Alivunjika paja akiangua korosho, kule Kaloleni.
Mguu ulivutwa kwa kamba, na mwisho wa kitanda
kifuko cha mchanga kikining'inia:
hapo ndipo alipojua kilo ni nini,
ilimvuta usiku kucha.
Ana miaka tisa. Nilimuuliza, "Shule gani?"
Akatazama dirishani, ulikopaa moshi wa mkaanga mihogo.
Daftari nililompa
alilinusa kwanza.

Wiki ya saba, Jumanne, daktari akasema, "Umepona."
Yeye aliruhusiwa. Bili haikuruhusiwa.
Elfu arobaini kamili,
karani kishaondoa vichenji kwa huruma.
Mama yake alikuwa na elfu sita, mia nane na hamsini,
amezipanga juu ya shuka, kubwa chini, ndogo juu.

Siku hiyo somo lilikuwa kutoa kwa kuazima.
Sikulichagua. Lilikuwa limefika zamu yake.

"Sufuri toa tano?"
"Haitoshi."
"Haitoshi, tunafanyaje?"
"Tunaazima kwa jirani."
"Jirani ana nini?"
Kadzo akatazama ubao.
"Hana. Sufuri."
"Basi nenda kwa jirani wa jirani."
"Naye sufuri, mwalimu."
"Nenda tu."
Akaenda, kidole hewani,
nyumba kwa nyumba, sufuri kwa sufuri,
mpaka kwa yule nne wa mwisho kabisa,
naye akatoa moja, akabaki na tatu.

Mama alikuwa akifua kwenye beseni. Akaacha.
"Elfu thelathini na tatu, mia moja na hamsini," Kadzo akasema.
Hakuna aliyekonyeza.
Mama akakamua nguo, akaianika kwenye chuma cha kitanda,
na kesho yake hakuonekana.

Shuleni, "hayupo" ni kosa.
Katika rejista yangu ni shangwe, mara nyingi.
(Zipo siku nyingine. Siku hizo
kalamu huikata wino makusudi.)
Kadzo nilimwandika "yupo"
siku kumi na moja baada ya kupona.
Tukamaliza kutoa. Tukazidisha.
Akanisomea kibandiko cha ukutani, NAWA MIKONO,
kwa sauti ya mtu aliyeahidiwa jambo.

Mama akarudi Jumamosi, miguu vumbi tupu.
Sikumuuliza majirani wangapi.
Risiti ikagongwa muhuri. Magongo yakaletwa.
Mtoto hakushuka kitandani.

"Mwalimu," akasema, "kugawanya bado."

Toroli likanyamaza hapo nilipolisimamisha.
Chaki ilikuwa imebaki moja.
Nikaivunja.